Sabuni ya maziwa ya mbuzi: ipi ununue, ipi uache, na lebo ya kweli inasemaje

Kwenye mabanda ya Sabasaba, kwenye maduka ya vipodozi vya asili na kwa wauzaji wa mitandaoni, sabuni ya maziwa ya mbuzi ina bei ya juu kuliko sabuni ya kuogea ya kiwandani, wakati mwingine mara tatu au nne. Lebo zake zinafanana sana: "asilia asilimia 100", "haina kemikali", "ina pH ya ngozi", "hulainisha na kung'arisha". Baadhi ya sabuni hizo ni nzuri kweli na bei yake ni halali. Nyingine ni sabuni ya kawaida tu iliyopakwa jina la mbuzi. Picha ya tangazo haikuonyeshi tofauti. Utaiona ukisoma orodha ya viambato na ukitazama upande wa kipande uliokatwa kwa kisu.

Sokoni zipo aina tatu. Zote zinaitwa jina moja, na ndiyo maana watu wananunua kitu kimoja wakidhani wamenunua kingine.

Ya kwanza ni ya kiwandani iliyosagwa na kukandamizwa. Kiwanda kinanunua chembe za sabuni zilizo tayari, kinazisaga pamoja na harufu, rangi na unga kidogo wa maziwa, kisha kinazikandamiza kwa mashine. Ni ngumu, inadumu bafuni, povu lake ni zuri. Maziwa humo kwa kawaida ni kidogo mno, na mara nyingi kinachosikika ni manukato ya "maziwa" tu. Ukiipata kwa bei ya sabuni ya kawaida, nunua bila wasiwasi. Kwa bei ya sabuni iliyotengenezwa kwa mkono, iache.

Ya pili ni ya besi. Besi ni sabuni iliyokwisha kutengenezwa. Mjasiriamali anaikata vipande, anaiyeyusha juu ya sufuria ya maji ya moto, anatia rangi na harufu, anamimina kwenye kalibu, na siku hiyo hiyo inaweza kuuzwa. Kazi hiyo haina aibu, na kwa anayependa vipande vyenye maumbo na rangi safi, besi inatoa matokeo ambayo njia nyingine haziyafikii. Tatizo ni maneno mawili yanayoandikwa juu yake.

Neno la kwanza ni "bila kostiki". Aliyeyeyusha hakugusa kostiki soda, sawa, lakini kiwanda kilichotengeneza besi kiliitumia, kwa sababu mafuta hayageuki sabuni ya kipande bila hiyo. Besi nyingi pia zina sobito au propilini glaikoli za kuifanya iyeyuke vizuri na iwe angavu, na baadhi zina slesi ya kuongeza povu, ile ile inayotumika kwenye sabuni za maji. Si sumu, lakini mnunuzi aliyeambiwa "mafuta na maziwa tu" amedanganywa.

Neno la pili ni "maziwa freshi". Hapa ndipo penye hasara. Ndani ya besi hamna tena kostiki ya kuyabadilisha maziwa, kwa hiyo maziwa mabichi yakimiminwa humo yanabaki kuwa maziwa: mafuta yake yanachacha, protini inaoza taratibu, na baada ya wiki chache kipande kinatoa harufu ya mtindi wa zamani au kinaota ukungu kwenye kona. Anayeijua kazi anatumia maziwa ya unga, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa nusu kilo ya besi, akiyalainisha kwanza kwa gliserini ili yasifanye madonge. Au ananunua besi ambayo kiwanda kimeshaitia maziwa. Dosari nyingine ya besi kwa watu wa Dar, Tanga na Mombasa: inavuta unyevu wa hewani na kutoa matone kama jasho. Isipofungwa kwa nailoni mara tu inapotoka kwenye kalibu, itafika kwa mteja ikiwa inanata.

Sabuni ya maji iliyotiwa maziwa mabichi sitaipa hata nafasi. Maziwa yanaganda yakikutana na asidi ya salfoniki, kiosheo cha sabuni nyingi za maji, na yasipoganda yanawalisha bakteria ndani ya chupa. Usinunue.

Aina ya tatu ndiyo inayostahili jina lake: sabuni iliyotengenezwa kwa njia ya baridi, yaani mafuta, kostiki na maziwa vikachanganywa bila kuchemshwa, kipande kikakatwa kesho yake na kuachwa kikomae wiki 4 hadi 6. Ukipata iliyotengenezwa vizuri, povu lake ni zito na laini, ngozi haikakamai baada ya kujikausha, na harufu ni ya mafuta yaliyotumika, bila uchachu. Sukari ya maziwa inaongeza povu, mafuta ya maziwa yanalifanya liwe zito. Hilo ndilo maziwa yanalolifanya kweli ndani ya sabuni, na linatosha kabisa kuisifia bila kuongeza chumvi.

Tuangalie sasa ni maziwa kiasi gani. Chukua mchanganyiko huu wa kilo 1 ya mafuta, ambao ni mzuri kwa hali ya hewa yetu: mawese yaliyosafishwa gramu 400, mafuta ya nazi gramu 300, mafuta ya parachichi gramu 250, mafuta ya nyonyo gramu 50. Kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki kwa gramu moja: nazi 0.183, mawese 0.142, parachichi 0.133, nyonyo 0.128. Zidisha na ujumlishe, unapata gramu 151. Punguza asilimia 5 ili yabaki mafuta ya ziada yasiyogeuka sabuni, unabaki na gramu 144. Kimiminika chote ni gramu 300, nusu maji na nusu maziwa.

Maziwa ya mbuzi ni maji kwa kiasi cha asilimia 87. Kwenye gramu 150 za maziwa, vitu vikavu (mafuta, protini, sukari na madini) ni kama gramu 19 au 20. Sabuni ikikomaa na sehemu ya maji ikakauka, unabaki na karibu kilo 1.3, yaani vipande 13 vya gramu 100. Kila kipande kina gramu moja na nusu ya vitu vikavu vya maziwa. Hiyo ni kama nusu kijiko cha chai cha maziwa ya unga. Hata ukiondoa maji yote na kutumia maziwa matupu gramu 300, unafika gramu 3 kwa kipande. Kwa hiyo anayekwambia bei imepanda kwa sababu ya maziwa hajakwambia kweli: kila kipande kimebeba vijiko viwili tu vya chai vya maziwa mabichi. Kinachopandisha bei kihalali ni mafuta ya nazi na parachichi, mwezi mzima wa kukomaa, na vipande vinavyotupwa vinapoharibika.

Na hizo gramu moja na nusu hazikubaki kama zilivyotoka kwa mbuzi. Kostiki imegeuza sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa kuwa sabuni, imevunjavunja protini, na imeibadilisha sukari, ambayo ndiyo inayoleta rangi ya kahawia. Asidi ya laktiki, ile inayotangazwa kwamba "inachubua ngozi iliyokufa", ikikutana na kostiki inageuka kuwa chumvi yake, sodiamu lakteti. Chumvi hiyo inasaidia kipande kuwa kigumu, lakini haichubui chochote. Kuhusu pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, sabuni yoyote ya kweli iko kati ya 9 na 10.5, iwe ya mbuzi, ya ng'ombe au ya ngamia kama zile za Ghuba. Ngozi iko karibu na 5. Sabuni ya kipande yenye pH ya 5.5 haiwezi kuwa ya mafuta na kostiki. Ikishuka huko inavunjika na kurudi kuwa asidi za mafuta. Zipo baa za kuogea zenye pH hiyo, lakini zinatengenezwa kwa viosheo vingine na si kwa jiko la mjasiriamali.

Kung'arisha nako kusemwe waziwazi. Maziwa hayabadilishi rangi ya ngozi. Sabuni ya "maziwa" inayomwangaza mtu ndani ya wiki mbili ina kitu kingine ndani yake ambacho lebo haikitaji, na zebaki ni mojawapo ya vitu vilivyowahi kukutwa kwenye sabuni za aina hiyo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza kimataifa sabuni na krimu za kung'arisha zenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni. Hiyo siyo bidhaa ya kujaribu uone.

Kwa mtengenezaji, maziwa ni kiungo kinachosamehe kidogo sana, na makosa yake yanaonekana kwenye kipande. Ndiyo maana mnunuzi naye afaidike kwa kujua yanavyotokea.

Kostiki ikiyeyuka inapandisha joto la kimiminika haraka, juu ya nyuzi 80. Ukiimwaga kwenye maziwa ya uvuguvugu, yanageuka njano, kisha chungwa, kisha kahawia mbele ya macho yako, na harufu kali ya amonia inapanda. Kuna njia mbili za kuliepuka hilo. Moja ni kugandisha maziwa kwenye friza mpaka yawe barafu, kuyaweka kwenye bakuli la plastiki gumu au stenlesi ndani ya beseni la maji ya barafu, na kunyunyiza kostiki kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, joto lisivuke nyuzi 30. Inachukua muda, na mara nyingi yanatokea madonge madogo, ambayo ni mafuta ya maziwa yaliyoanza kuwa sabuni. Chuja ili usije ukaacha punje ya kostiki iliyojificha humo.

Njia ya pili ndiyo naipendekeza, kwa sababu inampa anayeanza nafasi ndogo ya kukosea. Yeyusha gramu 144 za kostiki kwenye gramu 150 za maji baridi. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki inaweza kuchemka na kuruka usoni. Vaa glovu na miwani ya kukinga, fungua madirisha, usitumie chombo cha alumini kwa sababu kostiki inakila na kutoa hidrojeni. Maji yasipungue uzito wa kostiki, la sivyo haitayeyuka yote. Subiri mchanganyiko uwe angavu na upoe hadi nyuzi 35 au 40. Mafuta nayo yawe kwenye joto hilo. Yakipoa zaidi, mawese yanaanza kuganda na kukudanganya kwamba sabuni imeshika. Tia gramu 150 za maziwa kwenye mafuta, piga kwa blenda ya mkono kwa sekunde chache, kisha mimina maji ya kostiki polepole huku ukipiga kwa vipindi. Ikifika uzito wa uji mwepesi, unapoinua blenda na tone likaacha alama juu, tia harufu na umimine.

Hapa wengi wanakosea kwa kufuata maelekezo ya sabuni ya kawaida: wanafunika kalibu kwa blanketi. Sabuni ya maziwa haifunikwi. Sukari inapandisha joto, katikati panachemka, juu panapasuka ufa mrefu, na wakati mwingine sabuni inafura na kumwagika nje ya kalibu. Iweke kwenye friji saa 12 hadi 24, au tumia kalibu ndogo za kipande kimoja kimoja na feni. Ukitia mafuta ya karafuu ya Unguja au Pemba, ongeza tahadhari: karafuu inaharakisha sabuni kushika na inapandisha joto juu ya lile la maziwa. Isizidi gramu 10 kwa kilo ya mafuta, itiwe mwisho, ikorogwe kwa mwiko na si kwa blenda.

Mafuta yaliyomo kwenye maziwa yenyewe ni kama gramu 6 kwenye kiasi hiki, na yanakula takriban gramu 1 ya kostiki. Huna haja ya kuyapigia hesabu. Mtindi nao unafaa; uchachu wake unakula nusu gramu hivi. Ukitumia maziwa ya unga, gramu 20 kwenye maji gramu 130 zinakupa kiasi kile kile, na hapana sababu ya kuyaonea haya ili mradi lebo iseme "ya unga".

Ukishika kipande dukani, kitazame upande uliokatwa. Duara la rangi iliyokolea katikati, limezungukwa na ukingo uliopauka wa rangi ya krimu, maana yake katikati palipata joto kuliko pembeni. Ni suala la sura tu, sabuni inafaa. Vumbi jeupe juu ni magadi yaliyotokana na kostiki kukutana na hewa. Yanafutika kwa kitambaa chenye maji. Vitundu vyenye majimaji yanayowasha, au mistari myeupe inayomeguka kama chaki, hivyo ni dalili za kostiki ambayo haikuchanganyika, na kipande kama hicho kirudi kwa mwenyewe. Madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta ya zamani ni uchachu wa mafuta, na lawama hutupiwa maziwa wakati mkosaji mara nyingi ni alizeti. Alizeti ya Singida na Dodoma inapatikana kwa urahisi, na inashawishi kuijaza, lakini ikizidi asilimia 15 au 20 ya mafuta yote, kwenye joto na unyevu wa pwani sabuni haichukui miezi mingi kabla ya kutoa madoa hayo.

Rangi nayo inasema. Sabuni ya maziwa ya njia ya baridi inakuwa krimu, kaki au kahawia. Nyeupe kama karatasi inawezekana kwa maziwa yaliyogandishwa na mafuta meupe, lakini mara nyingi ni titani dayoksaidi imetiwa. Ni salama, ila iandikwe. Rangi ya chungwa kwenye sabuni za Kigoma na za upande wa Kongo inatokana na mawese mekundu, na hapo rangi ya maziwa huwezi kuiona hata kidogo.

Sasa lebo. Viambato vipangwe kwa uzito, kikubwa kwanza. Kwa mchanganyiko niliotoa hapo juu, pamoja na mafuta ya mchaichai gramu 15, lebo ya kweli inasomeka hivi: "Mawese, mafuta ya nazi, mafuta ya parachichi, maji, maziwa mabichi ya mbuzi, kostiki soda, mafuta ya nyonyo, mafuta ya mchaichai (yana sitrali). Kostiki yote imegeuka sabuni pamoja na mafuta. Ina maziwa." Basi. Njia nyingine inayokubalika ni kuandika kilichotokea baada ya mchanganyiko, kama viwanda vinavyofanya: sodium palmate ni mawese yaliyogeuka sabuni, sodium cocoate ni nazi. Umoja wa Ulaya unadai majina hayo ya kimataifa na mpangilio wa uzito, isipokuwa vilivyo chini ya asilimia 1 ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Kwa hiyo mwenye ndoto ya kuuza huko aanze kuyazoea. Kisichokubalika ni kuchanganya njia hizo mbili ili kostiki ipotee: kuorodhesha mafuta kwa majina yake ya jikoni, kuweka maziwa wa kwanza, na kuiruka kostiki kana kwamba haikuwahi kuingia.

Ukiona maziwa yametajwa kabla ya mafuta yote, jua orodha imepangwa kwa ajili ya tangazo. Ukiona "haina kemikali", muulize muuzaji alitumia nini kugeuza mafuta. Akijibu bila kusitasita kwamba ni kostiki, na akakueleza alipunguza asilimia ngapi na sabuni imekomaa tangu lini, huyo anaijua kazi yake hata kama lebo aliiandikiwa na mchapishaji. Tarehe ya kutengenezwa iwepo, namba ya mkupuo iwepo, na uzito uwe wa baada ya kukomaa: kipande kilichokatwa kikiwa na gramu 112 kinaweza kubaki na 100, na kuandika uzito wa siku ya kukata ni kumpunja mteja. Kwa Tanzania Bara, vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019 vilipotoka TFDA. Kenya ni KEBS. Mjasiriamali mdogo wa Tanzania anaanzia SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, ambako pia kuna mafunzo ya sabuni. Madai ya kutibu pumu ya ngozi, fangasi au chunusi yanaihamisha sabuni kutoka kwenye kipodozi hadi kwenye dawa, na hakuna jiko la nyumbani lenye ushahidi wa kuyabeba.

Hukumu yangu: sabuni ya njia ya baridi yenye orodha kamili ni bora kwa ngozi kavu ya mwili, na ni nzuri kwa mikono inayooshwa mara nyingi. Kwa nywele haifai, na kwenye maji ya chumvichumvi ya visima vya Dodoma itaacha utando kama sabuni nyingine yoyote. Bafuni iweke kwenye kisahani chenye matundu, kwa sababu gliserini yake haikuondolewa na inalainika haraka ikikaa kwenye maji. Mwenye mzio wa maziwa, hasa mtoto mwenye ngozi iliyochubuka, asiitumie: kostiki inavunja protini lakini hakuna anayeweza kuapa kwamba imezimaliza, na mwili unaokataa maziwa ya ng'ombe mara nyingi unayakataa na ya mbuzi. Ndiyo sababu yale maneno mawili, "Ina maziwa", yaandikwe kwa herufi zinazosomeka hata kama jina la sabuni tayari limetaja mbuzi.